Umeme wa moyo baada ya kuwekewa valvu ya aota kwa mrija: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wagonjwa na ndugu zao walioko Moshi, Arusha na wilaya za jirani, pamoja na wahudumu wa afya watakaowapokea wakirudi. Wengi huwekewa valvu mbali na nyumbani, kisha hurudi Rombo, Hai, Karatu au Monduli wakiwa na mfuko wa dawa na karatasi mbili tatu. Umeme wa moyo unaweza kukatika siku ya nane, mzee ameshakaa barazani kwake anapokea wageni. Ndiyo maana tumekaza zaidi kwenye siku 30 za mwanzo, na kwenye karatasi moja ambayo wengi huiacha hospitali: karatasi ya ECG, yaani kipimo kinachochora umeme wa moyo.

TAVI ni nini hasa?

Valvu ya aota ni mlango ambao damu hupitia ikitoka kwenye chumba kikubwa cha kushoto cha moyo kwenda mwilini. Uzeeni chokaa hujijenga kwenye mlango huo taratibu, mpaka unakuwa mgumu na haufunguki vizuri. Ndipo mtu anapoanza kukata pumzi akipanda mlima, kubanwa kifua au kuzimia. Zamani tiba ilikuwa kupasua kifua na kushona valvu mpya. Mwaka 2002, mjini Rouen nchini Ufaransa, daktari Alain Cribier alimwekea mgonjwa valvu ya aota kwa kutumia mrija bila kupasua kifua. Hiyo ndiyo TAVI. Siku hizi mrija huingizwa mara nyingi kwenye mshipa mkubwa wa damu wa kinena.

Valvu mpya huja imekunjwa ndani ya kikapu cha chuma. Kuna inayotanuliwa kwa puto, na kuna ya waya wa nitinoli (aina ya chuma) ambayo hujitanua yenyewe ikishatoka kwenye mrija. Shika tofauti hiyo, maana itarudi. Vipande vyake vya ndani hutokana na utando wa moyo wa ng'ombe au wa nguruwe, kutegemea mtengenezaji. Kama jambo hilo lina uzito wa dini kwenye familia yenu, ulizeni mapema, kabla ya tarehe kupangwa.

Kijana ambaye valvu yake imeharibiwa na homa ya baridi yabisi ya moyo kwa kawaida si mtu wa TAVI. Huyo ana njia nyingine, na ukurasa huu haumhusu.

Valvu ni mlango wa damu. Umeme unaingiaje hapo?

Vinakaa kwenye ukuta mmoja. Umeme wa moyo huanzia juu, kwenye chumba kidogo cha kulia, hushuka mpaka kwenye kituo kiitwacho nodi ya AV, husubiri kidogo, kisha hupita kwenye uzi mwembamba uitwao fungu la His. Uzi huo hugawanyika kuwa tawi la kulia na tawi la kushoto, na matawi hayo ndiyo huamsha vyumba vikubwa visukume damu. Sasa, pale fungu la His linapochomoza ni chini tu ya valvu ya aota, kwenye sehemu ya ukuta ambayo ni utando mwembamba badala ya nyama nene. Tawi la kushoto hutambaa juujuu kwenye upande uleule ambao kikapu cha valvu mpya hukandamiza.

Mfikirie fundi anayekaza fremu ya mlango kwenye ukuta ambao ndani yake umepita waya wa umeme. Fremu isipokaa imara, mlango utavuja. Ikikazwa sana au ikishushwa mno, waya unabanwa. Tena kwenye TAVI mlango wa zamani hautolewi, bali husukumwa pembeni pamoja na chokaa lake, na vipande vya chokaa hilo ni vigumu kama kokoto.

Waya huumia kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni uvimbe na damu kidogo kuvilia kwenye tishu, na hiyo hupungua kwa siku au wiki. Ya pili ni waya kupondwa kabisa, na huo haurudi. Siku ya kwanza hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa uhakika. Hii ndiyo sababu madaktari husema "tusubiri kwanza", na kusubiri huko ni sehemu ya matibabu.

Ni matatizo gani yanayotokea?

Linaloonekana zaidi ni kuziba kwa tawi la kushoto, ambalo kwenye majibu huandikwa LBBB. Chumba cha kushoto huamka kwa kuchelewa, kwa sababu umeme unakifikia kwa kuzunguka. Mgonjwa mara nyingi hasikii chochote. Lingine ni umeme kuchelewa njiani, yaani muda wa PR, ule wa umeme kushuka kutoka vyumba vya juu hadi vya chini, kurefuka. La hatari ni kizuizi kamili: umeme wa juu haufiki chini hata kidogo. Hapo moyo hujitegemea kwa mapigo ya akiba ya 20 hadi 40 kwa dakika, nayo yanaweza kusimama bila taarifa.

Huwapata wagonjwa wangapi?

Inategemea valvu. Tafiti mbili kubwa za wagonjwa wenye hatari ndogo ya upasuaji zilichapishwa mwaka 2019. Kwenye PARTNER 3, ambako valvu ilitanuliwa kwa puto, wagonjwa 6.5 kati ya kila 100 walihitaji betri ya moyo, yaani kifaa kinachowekwa mwilini kuendesha mapigo, ndani ya siku 30. Kwenye utafiti wa Evolut, ambayo hujitanua yenyewe, walikuwa 17.4 kati ya 100. Waliopasuliwa kifua walikuwa 4.0 na 6.1. Usihitimishe kwamba aina moja ni mbaya. Valvu inayojitanua ina faida zake, hasa kwa wenye mlango mwembamba, na namna ya kuiweka imeboreshwa tangu wakati huo. Ila ukijua ni ipi uliyonayo, utajua pia ni kwa muda gani uwe macho: nitinoli huendelea kusukuma ukuta taratibu hata baada ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji.

Nani yuko kwenye hatari kubwa zaidi?

Kinachotangulia vyote ni mtu ambaye tawi lake la kulia lilikuwa limeziba kabla ya TAVI. Kwenye ECG huandikwa RBBB. Huyo anaishi kwa tawi moja tu, la kushoto, na ndilo hasa litakalobanwa. Likizimika hilo, hana jingine. Wengine ni wenye PR ndefu tangu awali, wenye chokaa jingi chini ya valvu, wenye utando mfupi wa ukuta, na waliowekewa valvu kubwa kuliko nafasi au iliyoshuka sana kwenye chumba cha kushoto.

Kwa nini basi wasiwekewe betri kabla, tumalize mambo?

Swali hili huulizwa sana na watoto wa mgonjwa, na hofu yao tunaielewa. Lakini hata kwa mwenye RBBB, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 unakataa kumwekea betri ya kudumu kwa kujihami tu. Wengi wao hawataihitaji, na betri ina hatari zake: maambukizi, waya kuhama, moyo kudhoofika kwa kuendeshwa miaka mingi kutoka upande mmoja. Kinachotakiwa ni waya wa muda wa kuendesha moyo, uangalizi wa muda mrefu kidogo wodini, na uamuzi wa haraka akionyesha badiliko lolote.

Daktari anaweza kupunguza hatari hiyo?

Ndiyo, na kazi huanza kwenye picha ya CT. Humo hupimwa urefu wa utando wa ukuta na mahali chokaa lilipo. Lengo ni valvu ishuke chini ya mlango kwa kina kisichozidi urefu wa utando huo. Kwa zile zinazojitanua, wengi hulenga kama milimita 3. Mtambo wa eksirei hupangwa kwa pembe ambayo vipande viwili vya valvu hulaliana kwenye picha, ili kina kionekane bila kudanganya. Ikiwekwa juu mno inaweza kuchomoka au kuvuja. Kwa hiyo hata kwa mikono bora, baadhi ya wagonjwa watapata kizuizi.

Ni ECG ngapi, na zisomweje?

Angalau nne: moja kabla ya TAVI, moja mara tu baada ya kazi kumalizika, moja kila siku wodini, na ya siku ya kuruhusiwa. Ya kabla ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana bila hiyo daktari wa Moshi hawezi kujua kama LBBB anayoiona leo ni mpya au ya miaka kumi. Omba nakala zake, si maandishi ya majibu peke yake. Karatasi ya joto hufifia ikikaa juani au kwenye mfuko wa plastiki, hivyo ipige picha siku hiyohiyo.

Kusoma vipimo viwili vya msingi si kazi ngumu. Karatasi ikikimbia milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo ni milisekunde 40 na kikubwa ni 200. PR ya kawaida haizidi kisanduku kikubwa kimoja. QRS, yaani wimbi la vyumba vikubwa kuamka, kwa kawaida ni chini ya visanduku vidogo vitatu, yaani 120. Kwa aliyepata LBBB mpya, namba za kukumbuka ni PR iliyopita 240, ambayo ni visanduku vidogo sita, na QRS iliyopita 150, ambayo inakaribia vinne. Akizidi mojawapo, huyo si mgonjwa wa kuambiwa "rudi baada ya miezi mitatu".

Jambo lenye uzito zaidi ni mwelekeo. QRS ya 140 iliyotulia siku tatu inatia moyo kuliko ya 130 ambayo jana ilikuwa 110. Mgonjwa ambaye namba zake bado zinapanda asiruhusiwe mpaka zitulie kwa saa 48.

Ule waya uliotoka shingoni ulikuwa wa nini?

Ni waya wa muda. Wakati wa kutanua valvu ya puto hutumika kuuendesha moyo mbio, mapigo 180 hadi 200 kwa dakika kwa sekunde chache, ili damu isiisukume valvu kabla haijakaa. Baada ya hapo hubaki kama akiba. ECG ikiwa safi na haikubadilika, waya hutolewa palepale au muda mfupi baadaye. Kukiwa na kizuizi kilichokuja na kuondoka, LBBB mpya au RBBB ya zamani, hubaki angalau usiku kucha. Ukipitia shingoni mgonjwa anaweza kukaa na kula, ukipitia kinenani inabidi alale.

Kwa wauguzi: pimeni kila zamu kiwango cha chini cha mkondo kinachoshika moyo, kisha wekeni mara mbili hadi tatu ya hapo. Sanduku nyingi za nje hutumia betri ya volti 9, na ya akiba ikae kitandani, si stoo. Presha ikishuka ghafla huku mishipa ya shingo imetuna, fikirieni kwamba waya umetoboa moyo, na ultrasaundi ifanyike wakati huohuo.

Betri ya kudumu huamuliwa lini?

Kizuizi kamili, au cha daraja la juu, kikidumu saa 24 hadi 48 baada ya TAVI, betri huwekwa. Vivyo hivyo kama matawi yanapokezana kuziba, leo la kulia kesho la kushoto. Mwenye RBBB ya zamani akipata badiliko jipya lolote la umeme, hufikiriwa mapema bila kuvuta siku. Kati ya hapo kuna eneo la kijivu: LBBB mpya yenye namba tulizotaja. Kwa hao kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuvaa mashine ya kurekodi mapigo, wengi huiita Holta, kwa siku 7 hadi 30. Ya pili ni kupima umeme kwa ndani kwa mrija. Muda wa umeme kutoka fungu la His hadi vyumba vya chini ukifika milisekunde 70 au zaidi, betri inapendekezwa. Tahadhari: Holta ya saa 24 peke yake ni fupi mno kwa swali hili. Kizuizi kinaweza kuja siku ya sita.

Mzee ameruhusiwa na LBBB mpya, bila betri. Tufanyeje nyumbani?

Kwa wiki mbili za mwanzo asilale peke yake chumbani, na asiachwe shambani peke yake. Ni vema zaidi akae mjini kwa ndugu kuliko kupandishwa moja kwa moja kwenye kijiji ambacho gari hupatikana asubuhi tu. Arudie ECG baada ya wiki moja hivi na tena akitimiza siku 30, kwenye hospitali yoyote yenye mashine, akiwa na ECG zake za zamani mkononi.

Mapigo yahesabiwe asubuhi na jioni, amekaa ametulia, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, sekunde 60 kamili. Usihesabu 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu mapigo yanayoruka utayakosa. Yaandikwe kwenye daftari pamoja na saa.

Chini ya 50 na anahisi kizunguzungu, uchovu wa ghafla au pumzi fupi: piga simu na mwende hospitali siku hiyo. Chini ya 40, hata kama anasema yuko salama: mwende sasa hivi. Akizimia, hata kwa sekunde tano, hata kama ameinuka mwenyewe na kuomba chai: mwende sasa hivi. Kuzimia baada ya TAVI ni kizuizi cha umeme mpaka kithibitishwe kuwa kingine. Msikubali maelezo ya njaa, jua au uchovu wa safari kabla ya ECG.

Akianguka, mlazeni chali na kuinua miguu. Msimkalishe wala kumnywesha. Asipopumua, anzeni kumkandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa nguvu, kina cha sentimita 5. Valvu yake haiwezi kuwa sababu ya kuacha. Na kumpeleka hospitali iwe kwa gari, akiwa amelala. Bodaboda haifai kwa mtu anayeweza kupoteza fahamu njiani.

Mapigo ya bibi yalikuwa ya ovyo miaka mingi. Sasa yametulia na yana mpangilio. Amepona?

Hapana budi kuwa makini hapa, kwa sababu ni mtego. Mwenye mtetemo wa vyumba vya juu, AF, ana mapigo yasiyo na mpangilio. Yakigeuka ghafla kuwa ya taratibu na sawasawa kama saa ya ukutani, 35 au 40 kwa dakika, maana yake mara nyingi ni kwamba umeme wa juu haufiki chini tena na moyo umehamia kwenye mapigo ya akiba. Ni dharura. Akiwa anatumia digoxin, sumu ya dawa hiyo nayo huleta picha ileile.

Dawa gani ziangaliwe?

Zinazopunguza mwendo wa umeme: bisoprolol, atenolol, metoprolol, carvedilol, propranolol, verapamil, diltiazem, digoxin na amiodarone. Wagonjwa wengi walikuwa wakizitumia kabla ya TAVI, na huzianza tena kwa mazoea wakifika nyumbani kwa sababu pakiti bado imo kabatini. Pitieni kila pakiti na daktari siku ya kuruhusiwa. Amlodipine na losartan hazigusi umeme huo moja kwa moja.

Kisha kuna potasiamu. Ikipanda kwenye damu huweza kuzuia umeme hata kwa mtu ambaye nyaya zake ni nzima. Hatari hujengeka pale figo zinapokuwa dhaifu, na wazee wengi wa TAVI figo zao ni dhaifu, kisha juu yake wanakunywa spironolactone pamoja na losartan au enalapril. Hapo chakula nacho kinahesabika. Ndizi zina potasiamu nyingi, na kwenye mtori au machalari maji yaliyopikia hayamwagwi, yananywewa. Parachichi ni vilevile. Mwenye figo nzima ale kwa raha zake. Mwenye figo dhaifu amenye na kukata ndizi vipande, azichemshe kwa maji mengi, ayamwage, ndipo apike, na apime potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo) baada ya wiki moja au mbili. Supu za mitishamba aziache kipindi hiki, maana hakuna anayejua kiasi kilichomo.

Kwa mhudumu: amefikishwa, mapigo 32, QRS pana. Tuanze na nini?

Oksijeni kama imeshuka, mshipa wa dripu, ECG ya waya 12, na pedi za mashine ya kushtua moyo zibandikwe mapema, moja mbele na moja mgongoni. Atropini 1 mg inaweza kutolewa, ila msiitegemee. Kizuizi hiki kiko chini ya nodi, mahali ambapo atropini mara nyingi haifiki. Msipoteze dakika kumi mkirudia dozi. Adrenalini kwa dripu, mikrogramu 2 hadi 10 kwa dakika, au dopamini mikrogramu 5 hadi 20 kwa kilo kwa dakika, huwapa muda unaohitajika. Potasiamu itumwe maabara mara moja, na kama mawimbi ya T yamechongoka au QRS inazidi kutanuka, kalsiamu kwa mshipa isisubiri majibu.

Kama mashine ina uwezo wa kuendesha moyo kupitia ngozi: wekeni mapigo 60 hadi 70, pandisheni mkondo taratibu mpaka kila mshtuko ufuatwe na QRS pana, kisha ongezeni kama miliampea 10. Hakikisheni kwa kushika mapigo ya kinena. Ya shingoni hudanganya, kwa kuwa misuli inarukaruka. Inauma, mpeni dawa ya maumivu.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, na barabara kutoka Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Pigeni simu kabla ya kumwondoa, ulizeni kwanza kama kuna anayeweza kuweka waya wa muda karibu, hospitali ya KCMC mjini Moshi au Arusha. Mgonjwa asiyetulia hasafiri kwa basi wala kwa gari la ndugu. Anasafiri na mtu anayejua mashine, na betri yake ikiwa imejaa.

Betri ya moyo iwe ya aina gani?

Mwenye AF ya kudumu hutosheka na waya mmoja. Ambaye vyumba vyake vya juu bado vinapiga kwa mpangilio hupewa nyaya mbili ili juu na chini vifuatane. Ambaye nguvu ya kusukuma ya moyo iko chini ya asilimia 40 na ataendeshwa na betri muda mwingi, huhitaji aina inayoamsha pande zote mbili kwa pamoja, au waya unaowekwa kwenye njia ya asili ya umeme. Ulizeni hilo kwa jina. Betri hudumu kwa kawaida miaka 8 hadi 12.

Jambo ambalo familia hugundua zikiwa zimechelewa: kila mtengenezaji ana kompyuta yake ya kusomea, na ya kampuni moja haisomi kifaa cha nyingine. Anayewekewa nje ya nchi aulize kabla, kompyuta ya kampuni hiyo iko hospitali gani Tanzania. Kadi ya kifaa itembee naye kila siku kama kitambulisho, na nakala ibaki kwenye simu ya mtoto. Kifaa husomwa ndani ya wiki 2 hadi 12, kisha kila miezi 6 hadi 12.

Mkono na kidonda?

Kiwiko kisipande juu ya bega kwa wiki 4 hadi 6 upande wa kifaa. Kwa maisha ya huku hiyo ina maana mahususi: asikate mgomba wala majani ya ng'ombe kwa panga, asichume kahawa kwenye matawi ya juu, asishike ndoo kichwani, asibebe mkungu. Lakini mkono usifungwe kwenye kitambaa siku nzima, bega litaganda. Uchezeshwe chini ya usawa wa bega.

Pakivimba, pakiwa pekundu, pakitoa majimaji, au ngozi ikiwa nyembamba mpaka kifaa kinaonekana umbo lake, arudi kwa waliomweka. Asikubali mtu achome sindano kuvuta damu au usaha hapo. Sindano hiyo huingiza vijidudu mpaka kwenye kifaa, na kifaa kilichoambukizwa sharti kitolewe chote pamoja na nyaya, kwa mtu mwenye valvu mpya.

Simu, kuchomelea, uwanja wa ndege?

Simu ikae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye kifaa. Mfuko wa shati upande huo hapana, na kina mama wanaohifadhi simu kwenye sidiria wahamie kwenye pochi. Redio, televisheni, jiko la umeme havina shida. Kuchomelea vyuma aache mpaka aongee na daktari wa kifaa. Uzio wa umeme wa shamba asiuguse. Pale KIA aonyeshe kadi na apite, asisimame ndani ya fremu ya ukaguzi. Kabla ya upasuaji wowote amwambie daktari, kwa sababu kisu cha umeme huweza kukinyamazisha kifaa. MRI inawezekana kwa vifaa vingi vya sasa, ila lazima kadi isomwe na kifaa kipangwe kwanza.

Meno ni habari ya valvu, si ya betri: kabla ya kung'oa, amoxicillin gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla, kama hana mzio wa penisilini.

Umeme ukirudi, betri itatolewa?

Kwa kawaida hapana. Wengi, wakisomwa baada ya mwaka, hukutwa moyo unajiendesha sehemu kubwa ya muda, na kifaa hupangwa kisubiri kikiwa macho. Kukitoa ni hatari kuliko kukiacha. Kinachofaa ni kupunguza muda wa kuendesha bila sababu na kufanya ekokadiografia (ultrasaundi ya moyo) kila mwaka, kwa sababu moyo unaoendeshwa sana kutoka upande wa kulia unaweza kudhoofika.

Naweza kumtumia daktari ECG kwa WhatsApp?

Ndiyo, na huokoa safari nyingi, mradi picha isomeke. Laza karatasi mezani mchana, bila mwanga wa taa juu yake, piga kutoka juu moja kwa moja, yote ionekane mpaka pembeni palipoandikwa 25 mm/s na 10 mm/mV. Usikate kipande unachodhani ndicho kibaya. Tuma ya leo pamoja na ya kabla ya TAVI, kila moja na tarehe yake. Chini andika mapigo na presha ya muda huo, dawa alizokunywa asubuhi hiyo, aina ya valvu, na ni siku ya ngapi tangu awekewe.